Damu kwa Jina Langu

Jumapili, 12 Oktoba

Mvua bado. Mawingu yalifika tangu Alhamisi, yakasimama juu ya vilima vya Kola, yakatutazama, kisha yakaenda zao Makueni. Tangu nistaafu ualimu huandika kila msimu wa vuli, mistari michache kabla ya chakula cha jioni, na kila mwaka mke wangu Kamanthe huniuliza kama mvua inajua kusoma. Haijui. Lakini mtu aliyesahihisha insha za watoto maisha yake yote hawezi kulala bila kumsahihisha mtu, na siku hizi nimebaki najisahihisha mwenyewe.

Leo baada ya misa padre alimpa nafasi nesi mmoja wa zahanati, binti mdogo anayeitwa Tracy. Wanataka watu wa miaka hamsini kwenda juu watolewe damu kidogo, ile ya vipimo vya kawaida tu. Itapimwa Machakos mjini, halafu akili mnemba isome majibu pamoja na umri wa kila mtu, iseme ni nani anayeonyesha dalili za saratani ya utumbo mpana kabla hajaanza kuugua. Kamera za kuchungulia utumbo ni chache, alisema, na foleni ni ndefu, kwa hiyo kompyuta itasaidia kujua nani atangulie.

Nilisimama nikamuuliza hiyo kompyuta ilisomea wapi. Watu wakacheka. Akasema imefundishwa kwa majibu ya damu za maelfu ya watu. Nikamuuliza kama kati ya hao kulikuwa na Mkamba hata mmoja. Akasema hajui, na ndiyo sababu wanaifanyia majaribio huku kwetu. Jibu lilinipendeza, ila sikumwambia.

Kamanthe ndiye mwenyekiti wa mwethya yetu, kikundi cha kusaidiana kazi za shamba. Akasimama naye, akaahidi mbele ya kanisa zima kwamba kila nyumba itatoa watu wawili. Hakuniuliza.

Jumanne, 14 Oktoba

Mwethya ilikuwa kwetu leo, kuzibua mitaro ya fanya-juu, ile inayozuia udongo usichukuliwe na maji, kabla mvua haijatukuta. Kamanthe huita majina kwa kichwa. Ukiitwa unajibu "niko", na asiyeweza kuja hutuma mtu aitike jina lake na kushika jembe lake. Hapo huhesabiwa kwamba amefika. Mwenye shamba ndiye huitwa kwanza, na asipoitika yeye au mtu wake, kazi haianzi. Ndivyo ilivyokuwa enzi za mama yangu na hakuna aliyeona haja ya kubadilisha.

Ndugu yangu Muthoka alikuja. Ni kitinda mimba wetu, ana miaka arobaini na sita, nami nimemtangulia kwa miaka zaidi ya ishirini. Kabla jua halijapanda alikuwa amekaa juu ya tuta anahema, jembe likiwa limelala kando. Mimi mzee nilimaliza kipande changu na nusu ya chake. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mama alimzaa akiwa amechoka, na uchovu huo wote ukabaki kwake. Alicheka. Muthoka hucheka tu, ndiyo maana huwezi kugombana naye ukashiba.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku ya kutoa damu kanisani. Nilikwenda Masii kutafuta dume la kulimia. Sikupata dume, na kusema kweli sikulitafuta sana. Niliporudi Kamanthe alikuwa amebandika pamba mkononi na hakuniuliza habari za Masii.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Jua kali.

Jumatatu, 27 Oktoba

Imenyesha. Ilianza alasiri, na harufu ya udongo ikaingia hadi ndani ya kabati. Kamanthe alitoka akasimama uani hadi kitambaa chake kikalowa. Tulikuwa na furaha.

Jumatano, 29 Oktoba

Tumepanda mahindi, kunde na ndengu. Muthoka alipaswa kushika plau. Alishika mizunguko michache akamwachia mkewe, Mumbua. Mwanaume mzima. Nilisema maneno ambayo sitayaandika.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo nimecheka hadi nikakohoa. Tracy amenipigia simu, sauti ya upole kabisa, ananiita mzee, ananiomba nifike zahanati. Majibu yangu yametoka. Kompyuta imeniweka miongoni mwa wale wa kutangulia kwenye kamera. Nikamwambia, "Binti yangu, hiyo damu hamkunitoa. Nilikuwa Masii." Akasema jina ni Ndunda Nzau, mwaka wa kuzaliwa ndio, namba ya simu ndiyo hii. Nikamwambia basi kompyuta yao ina kipaji, inanusa saratani kwenye damu ambayo haijaiona. Akaniomba nifike hata hivyo. Nikakata simu.

Nilipomsimulia Kamanthe, hakucheka. Alisema chai inapoa.

Jumapili, 9 Novemba

Hadithi ya kompyuta imekuwa tamu. Leo nje ya kanisa nimeisimulia mara tatu, kila mara nikiiongezea chumvi kidogo. Muthoka alikuwepo. Alicheka kuliko wote, akasema, "Mwalimu, hata kompyuta inakuogopa, imeona heri ikuite mapema." Watu wakashika mbavu. Ni mvivu lakini ana mdomo.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua usiku kucha. Tuta la juu shambani kwa Muthoka limepasuka. Mbuzi mmoja anakohoa.

Jumatatu, 17 Novemba

Tracy amepiga tena. Sikupokea. Baadaye niliona ameandika ujumbe: "Mzee tafadhali, kama si wewe, tusaidie kujua ni nani." Nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Nilimwonyesha Kamanthe, naye akasema huenda walichanganya chupa, akatoka kwenda kuchuma mboga wakati mboga zilikuwa zimejaa kwenye ungo.

Jumamosi, 22 Novemba

Mahindi yamefika magotini. Muthoka amekonda. Mumbua anasema ni meno, hali vizuri. Niliwahi kuona meno yakimkondesha mtu, lakini si hivyo.

Ijumaa, 28 Novemba

Sijui nianzie wapi, basi nianze na palizi.

Tulikuwa tunapalilia kwa ng'ombe shambani kwa Muthoka, mimi mbele nikiwaongoza, yeye nyuma na plau. Nikahisi ng'ombe wamekuwa wazito. Nilipogeuka Muthoka alikuwa amepiga magoti kwenye mfereji, bado ameshika mpini, uso wake una rangi ya majivu. Sikumwendea. Nilisimama nikaanza kumsema. Nilimwambia mkewe anafanya kazi ya wanaume wawili, nilimwambia baba angekuwa hai angeona haya, na mengine. Mumbua alikuwa ameinamisha uso. Kamanthe, aliyekuwa anapalilia mstari wa pili, akaweka jembe chini.

"Baba Levi, nyamaza," akasema. Kwa miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuniambia hivyo mbele ya watu. "Hiyo damu ilikuwa yake."

Nikamuuliza damu gani.

"Ile ya kompyuta. Ulienda Masii, nyumba ikabaki na mtu mmoja na nilikuwa nimeahidi wawili. Yeye akaitika jina lako."

Basi. Kama kwenye mwethya. Kamanthe hakuona kosa, na nikijilazimisha kusema ukweli, hata mimi nisingeliona. Kwetu mtu akisimama mahali pako amesimama mahali pako, yamekwisha. Hakuna aliyefikiria kwamba damu haiwezi kutumwa kama jembe.

Tulimbeba Muthoka hadi nyumbani kwake. Ni mwepesi. Nimewabeba watoto wa shule waliozimia kwenye gwaride waliomzidi uzito.

Sina hasira na Kamanthe. Nimekaa hapa nikijaribu kumkasirikia na siwezi. Ninachokumbuka ni Muthoka akicheka nje ya kanisa, kuliko wote, huku akijua.

Jumamosi, 29 Novemba

Nilimkuta Muthoka zizini akikamua, asubuhi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanitoka. Nilimuuliza tu kwa nini alikubali Kamanthe amtume.

"Mama Levi hakunituma," akasema. Hakuacha kukamua. "Mimi ndio nilimwomba. Miaka yangu haijafika ile wanataka, na nilitaka kujua."

"Kujua nini?"

Maziwa yakaendelea kugonga ndoo. Niliona shingo yake imekuwa na mishipa. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza jibu lilipokuja.

"Si ilikuita wewe, Mwalimu. Nikasema labda ni miaka yako imeona. Kama ingekuwa na miaka yangu, labda ingeniacha."

Nilitaka kumwambia ni ujinga. Nilikaa kwenye jiwe nikangoja amalize, kisha nikambebea ndoo.

Jumatano, 3 Desemba

Tumekwenda kwa Tracy, sisi wanne. Kamanthe alijieleza mwenyewe, hakutaka nimsemee. Tracy hakutukaripia. Alifunika uso kwa viganja, akavishusha, akasema kosa ni lao pia, maana walisikia mtu akiitika jina wakaona inatosha. Amemtoa Muthoka damu upya, kwa jina lake na umri wake. Alisema atawaomba wakubwa wa mradi waipitishe kwenye kompyuta ingawa hajafika hamsini. Mkono wa Muthoka ulihitaji kutafutwa mshipa mara kadhaa. Aliangalia ukutani, kwenye picha ya mama anayenyonyesha.

Jumamosi, 6 Desemba

Manyunyu. Nimeshindwa kula.

Alhamisi, 11 Desemba

Majibu yamekuja. Kompyuta imesoma damu ya Muthoka Nzau, miaka arobaini na sita, na kusema hayumo miongoni mwa wa kutangulia. Damu ile ile ya ndugu yangu. Ikiwa na miaka yangu iliitwa, ikiwa na miaka yake imeachwa.

Muthoka alipiga makofi mara moja, kwa nguvu, akaenda kukamata jogoo. Mumbua alilia kwa furaha na akapika. Watu wamekula, wamecheka, Muthoka akasimulia upya jinsi kompyuta ilivyomtaka Mwalimu na Mwalimu akajificha Masii. Nilikaa na paja la kuku kwenye sahani. Aliniuliza kwa nini sili. Nilisema ni meno.

Jumamosi, 13 Desemba

Kijana wetu Levi amefika kutoka Syokimau kwa Krismasi. Kazi yake ni ya kompyuta huko Nairobi, nikamweleza yote. Nilitaka aniambie mashine imesema kweli mara ya pili. Hakuniambia hivyo. Alisema, "Baba, hiyo kitu inajua tu kile ilifundishwa. Kama haikufundishwa watu wengi wa miaka ya Uncle, inakisia." Nikamuuliza mbona mara ya kwanza ilikuwa na uhakika. Akasema hata ile ya kwanza ilikuwa inakisia, ila ilikisia kwa sauti.

Nilicheka mashine ilipokuwa inasema kweli. Sasa inasema jambo ambalo sote tunataka kulisikia, na siwezi kuiamini.

Jumatatu, 15 Desemba

Muthoka amekataa kurudi zahanati. Amesema amepewa cheti cha afya na kompyuta, kwani mimi nataka nini. Tumegombana. Safari hii hakucheka. Aliniambia maisha yangu yote nimekuwa nikimtafutia kosa, na sasa nikikosa la mkononi namtafutia la tumboni. Alikuwa amesema kweli.

Jumatano, 17 Desemba

Leo Mumbua alimleta. Sijui alimwambia nini, ila walikuja pamoja mlangoni kwetu, amevaa koti lake la kanisani, nami nikaenda nao.

Tracy alimketisha karibu na dirisha akamvuta kope za chini. Nilichungulia pia. Ndani palikuwa peupe, hapana damu. Akafungua majibu, si yale ya kompyuta, bali yale ya maabara yenyewe, akamwonyesha kwa kidole: damu yake ilikuwa imepungua sana, na madini ya chuma yalikuwa karibu kuisha. Alisema mashine hupanga foleni tu, haijamwona mtu. Yeye anamwona.

"Baba, mwanaume hapotezi damu bila sababu," akamwambia. "Inatoka mahali. Umeona damu ukienda choo?"

Muthoka akasema hapana. Alisema haraka. Akanitazama kidogo tu, kisha akatazama viatu vyake.

Hapo nikaelewa. Nilimlea huyu. Baba alikufa Muthoka akiwa darasa la pili, nami nikamlipia shule, nikamchapa, nikamwozea mke. Kwake mimi ndiye baba. Mtu haketi mbele ya baba yake akaanza kueleza mambo ya choo. Angekufa kwanza, na hicho ndicho alichokuwa anafanya. Miezi yote hiyo alilibeba jambo hilo, akaenda kulisemea ndani ya jina langu, mahali ambapo hakuna mtu angemtazama usoni.

Nikasema nakwenda kununua maji. Nilitoka nikasimama nje chini ya paa, mvua ikinyesha, bila kununua chochote. Kupitia ukuta wa mabati nilisikia sauti yake ikianza, chini sana, ikasimama, ikaanza tena. Sikusikia maneno. Iliendelea muda mrefu.

Waliponiita, Tracy alikuwa anaandika barua ya kwenda hospitali mjini, na Mumbua alikuwa ameshika mkono wa mumewe kwa mikono miwili. Damu ameiona tangu Machi. Mimi nilimwita mvivu tangu Machi.

Alhamisi, 25 Desemba

Misa. Muthoka aliimba. Mvua imekatika mapema, majani ya mahindi yanajikunja.

Ijumaa, 2 Januari

Foleni ya kamera. Wametupa tarehe ishirini. Nilimuuliza karani kama yule Ndunda wa Novemba angepata lini. Akatafuta, akasema angekuwa ameshapita, kabla ya Desemba.

Jumanne, 20 Januari

Kivimbe, upande wa kulia wa utumbo. Daktari alichora kwenye karatasi, akatuachia karatasi. Kimekaa pale muda. Watapiga picha ya ini.

Njiani tukirudi Muthoka aliomba tusimame anunue miwa. Alitafuna moja akanipa nusu. Nilitafuna na meno yangu haya.

Jumanne, 27 Januari

Ini nalo. Si mahali pamoja.

Niliuliza kama Novemba ingekuwa tofauti. Daktari ni mtu mwema, alisema ni vigumu kujua. Nimefundisha watoto kwa miaka mingi na najua mtu anavyosema anapoficha jibu ili asikuumize.

Ijumaa, 30 Januari

Mahindi ya Muthoka yamekauka, yanataka kuvunwa kabla mchwa hawajayapata. Ndengu zinapasuka zenyewe. Leo wamemlaza kuanza dawa ya mshipani. Mumbua yuko naye. Levi amenipigia, ameuliza kama nalala. Nikasema ndiyo.

Tracy alipita jioni. Mwezi ujao wanarudi kanisani kutoa damu, na sasa watauliza kitambulisho na kumtazama mtu usoni. Aliniuliza kama nitakuja. Nilikunja mkono wa shati nikamwambia anitoe sasa hivi. Akasema hana sindano, ningoje. Aliniwekea kiganja begani akaondoka.

Jumamosi, 7 Februari

Mwethya ilikuwa shambani kwa Muthoka leo, kuvuna, yeye akiwa bado amelazwa. Walikuja wengi kuliko kawaida, hata wale wa ng'ambo ya mto ambao si wa kikundi chetu. Walisimama kwenye tuta la chini na visu na magunia. Kamanthe alisimama mahali pake. Kwa desturi angeanza na mwenye shamba. Niliona midomo yake ikijaribu, ikashindwa, akaanza na wengine. Aliita watu, wakaitika mmoja mmoja.

"Ndunda," akaita.

Nilinyamaza. Akanitazama. Niko pale mbele yake, na gunia begani, na kofia ambayo alinishonea mwenyewe.

"Ndunda," akaita tena, polepole.

Mtu mmoja alinigusa kiwiko akidhani sijasikia. Sikujibu. Kamanthe alinitazama muda mrefu, kisha macho yake yakajaa na akaelewa. Akaita jina la mwisho, lile lililopaswa kuwa la kwanza.

"Muthoka."

"Niko," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Kamanthe alisema kazi ianze, na tukaanza na tuta la juu, lile lililopasuka Novemba, kwa sababu huko ndiko mahindi yalikuwa yamekomaa zaidi. Nilivuna mstari wake wote bila kukaa chini.